Marudio ya DNA na Msako wa Jeni za Magonjwa

Mwaka 1972 mwanajenetiki Susumu Ohno aliiita sehemu kubwa ya DNA isiyobeba maagizo ya kutengeneza protini kuwa ni takataka, na jina hilo likaganda. Kwa maoni yangu limepotosha. Humo mna mafungu mafupi ya herufi yanayojirudia, na kule kutokuwa na kazi ya lazima mwilini ndiko kulikoyafanya yafae kuwa alama za kusakia jeni za magonjwa.

Jeni muhimu haivumilii mabadiliko ya ovyo. Lakini jozi ya herufi C na A iliyojirudia mara 15 ikifika 19, kwa kawaida hakuna kinachoharibika mwilini, kwa hiyo tofauti hujilimbikiza vizazi na vizazi. Chukua mama mwenye marudio 15 kwenye kromosomu moja na 19 kwenye pacha wake, na baba mwenye 17 na 21. Mtoto yeyote wao ukimpima, utajua amerithi kromosomu ipi kwa nani. Mabinti walioumwa ugonjwa unaochunguzwa wakiwa wote na 19 ya mama, na wazima wakiwa na 15, na jambo hilo likajirudia katika koo nyingine, basi jeni yenye hitilafu huenda iko jirani na alama hiyo. Alama za awali, zilizotegemea kimeng'enya kukata DNA au kutoikata, zilikuwa na sura mbili tu. Mara nyingi mzazi alikutwa na sura ileile kwenye kromosomu zote mbili, na damu ya familia nzima ikawa haifichui kitu.

Hata hivyo, alama nzuri haijitoshelezi. Mwanajenetiki Mary-Claire King na wenzake, huko Berkeley, Marekani, walichunguza koo 23 zenye wagonjwa 146 wa saratani ya matiti. Siri ilifunguka walipozipanga koo hizo kwa umri ambao wanawake waliugua. Katika zile za walioumwa mapema, ugonjwa uliandamana na D17S74, alama ya marudio iliyoko kwenye kromosomu ya 17, kwa kipimo cha LOD cha 5.98, yaani logariti ya uwezekano kwamba alama na ugonjwa vinarithiwa pamoja. Kipimo cha 3, yaani uwezekano wa 1,000 kwa 1, ndicho kilichozoeleka kukubalika; 5.98 ni zaidi ya 950,000 kwa 1. Koo za walioumwa wakiwa na umri mkubwa zilitoa kipimo hasi. Zingechanganywa zote bila kujali umri, ushahidi ungezama. Matokeo yalichapishwa Desemba 1990, na mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana.

Leo jenomu nzima husomwa kwa siku chache, na wapo wanaoona kwamba historia ya ukoo imepitwa na wakati. Siafiki. Hakuna mashine inayosoma kwenye damu ya mgonjwa umri ambao shangazi yake aliugua. Daktari unayejaza faili, usiishie kuandika kwamba ugonjwa umo katika ukoo: andika ni nani aliyeugua, upande wa baba au wa mama, na akiwa na miaka mingapi.