Tarehe ya Bakuli la Waridi la Pasadena

Bakuli la Waridi ni mchezo wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, lakini asili yake ni maua, si mpira. Tarehe 1 Januari 1890 watu wa Valley Hunt Club walipamba magari yao ya farasi kwa maua na kuyapitisha katika mitaa ya Pasadena. Aliyetoa shauri hilo ni Charles Frederick Holder, bwana mjuzi wa elimu ya wanyama. Huko New York theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na hapa California mawaridi yalikuwa yamechanua na machungwa yanaiva, nao wakataka Marekani nzima ijue. Baada ya gwaride walishindana mbio na kuvutana kamba. Tangu 1893 waliweka sharti ambalo halijavunjwa hadi leo: mwaka mpya ukiangukia Jumapili, sherehe husogezwa hadi Jumatatu, kwani farasi waliofungwa nje ya makanisa wangeshtuka na kuharibu ibada.

Mpira ulikuja 1902. James Wagner, mkuu wa sherehe wakati huo, aliona gwaride linahitaji fedha, na watu wa pwani ya magharibi wangelipa kiingilio kuiona timu ya mashariki. Akawaalika Michigan waje kucheza na Stanford. Wengine katika tarehe hii nitawapitia kwa mstari mmoja, lakini Michigan sitawapitia hivyo, maana wao ndio shina.

Kocha wa Michigan alikuwa Fielding Yost. Mwaka 1900 Yost alikuwa akiwafundisha Stanford hao hao. Kisha pakapita kanuni chuoni kwamba kocha lazima awe mtu aliyesoma hapo hapo. Yost hakusoma pale, kwa hiyo akafunga mizigo, na Michigan wakampokea. Katika msimu wake wa kwanza kwao walicheza michezo 11, ukiwemo huu wa Pasadena, wakapata pointi 550, na wapinzani wote kwa pamoja hawakupata hata moja.

Watu wapatao 8,000 walifika Tournament Park siku ile. Yost aliingiza wachezaji 11 na wachezaji hao hao 11 ndio waliomaliza, hakuna aliyepumzishwa. Neil Snow alivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi mara tano, na siku zile kuvuka mara moja kulikuwa na pointi tano, si sita kama sasa. Zikibaki dakika nane, nahodha wa Stanford, Ralph Fisher, alimwendea Hugh White, nahodha wa Michigan, akamwambia kwamba kama wao wako radhi, Stanford wako tayari kuacha. White akaridhia na mchezo ukaishia hapo: Michigan 49, Stanford 0. Yost alikuwa ameondoka kwao kwa kanuni, akarudi na hesabu ile.

Sasa nilimalize hili la ubishi. Wapo wanaohesabu mchezo huu kuanzia 1916, kwa hoja kwamba kabla ya hapo haukuwa wa kila mwaka. Ni kweli kwamba baada ya kipigo kile watu wa Pasadena waliuacha mpira. Mwaka 1903 walicheza polo, na kuanzia 1904 hadi 1915 wakashindanisha magari ya farasi kama ya Warumi wa kale. Lakini mtoto akizaliwa kisha akasafiri miaka 14, hatuhesabu umri wake tangu siku aliyorudi. Wenye sherehe wenyewe huutaja wa 1902 kuwa wa kwanza. Mwenye kuanza na 1916 anamnyang'anya Yost kilicho chake.

Mwaka huo wa 1916 Washington State waliwafunga Brown 14 kwa 0. Katika kikosi cha Brown alikuwamo Fritz Pollard, mtu mweusi wa kwanza kucheza mchezo huu, ambaye baadaye alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi ya wachezaji wa kulipwa.

Jina la Bakuli lilikuja na uwanja. Yale walikuwa wamejenga uwanja wao mwaka 1914, wa mviringo uliozama kama bakuli, nao ukaitwa Yale Bowl. Pasadena walimpa Myron Hunt kazi ya kuchora wa kwao katika bonde la Arroyo Seco, na tarehe 1 Januari 1923 USC waliwashinda Penn State humo, 14 kwa 3. Mwaka 1926 Alabama waliwashinda Washington 20 kwa 19, nao walikuwa timu ya kwanza ya Kusini kucheza mchezo huu.

Ajabu ya 1929 siwezi kuipita. California walikuwa wakicheza na Georgia Tech. Katika robo ya pili mpira ulimtoka mchezaji wa Tech, na Roy Riegels wa California akauokota. Akasukumwa, akazunguka, na katika kuzunguka akapoteza upande. Akakimbia yadi zaidi ya 60 kuelekea mstari wa timu yake mwenyewe. Mwenzake Benny Lom akamfukuza akipiga kelele asimame, na kelele za uwanja zikamzuia kusikia. Lom alimshika karibu kabisa na mstari, akajaribu kumgeuza, na watu wa Tech wakawaangukia wakiwa yadi moja tu kutoka mwisho. California walipojaribu kuupiga mpira kwa mguu wajiokoe, Tech wakauzuia, wakapata pointi mbili. Mchezo ulikwisha 8 kwa 7, hesabu wewe. Wakati wa mapumziko Riegels hakutaka kurudi uwanjani. Kocha wake, Nibs Price, alimrudisha, naye akacheza kwa nguvu hadi mwisho. Msimu uliofuata ndiye aliyekuwa nahodha.

Turudi kwenye nasaba. Bakuli hili lilizaa mengine: la Machungwa huko Miami na la Sukari huko New Orleans, yote mwaka 1935, kisha la Pamba huko Dallas mwaka 1937. Leo watoto hawa hukaa sawa na mzazi wao, na hilo silikubali.

Mwaka 1942, baada ya Pearl Harbor, mikusanyiko mikubwa ya pwani ile ilikatazwa, mchezo ukahamia Durham, Carolina Kaskazini, na Oregon State wakawashinda wenyeji, Duke, 20 kwa 16. Kuanzia 1947 pakawa na mapatano: bingwa wa Magharibi na bingwa wa vyuo vya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani, basi. Mapatano hayo yalivunjwa Januari 2002, Miami walipocheza na Nebraska, wote wawili wageni, kwa sababu utaratibu mpya wa kutafuta bingwa wa taifa ulitaka hivyo. Mimi nahesabu siku hiyo kuwa siku ya hasara.

Tarehe 1 Januari 2024 Michigan walikuwa Pasadena tena, safari hii na Alabama. Muda wa kawaida ulikwisha 20 kwa 20. Katika muda wa nyongeza Blake Corum alivuka na mpira kwa Michigan. Alabama wakafika yadi tatu kutoka mstari wakiwa na jaribio moja tu la mwisho. Jalen Milroe akaukumbatia mpira, akaingia katikati, na ukuta wa Michigan ukamwangusha pale pale.