Uhai Huanza Lini, na Sheria Imeweka Mpaka Wapi?

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua.)

Leo katika historia tunagusa jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini: uhai wa mtoto aliye tumboni huanza lini, na ni wakati gani sheria huruhusu mimba kutolewa?

Jibu halijawahi kuwa moja. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hufundisha kwamba roho hupulizwa siku ya 120. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba uhai ulindwe tangu mimba kutungwa. Sheria ya kale ya Uingereza ilitazama siku mama anapomsikia mtoto akicheza tumboni. Sheria ya 1861 haikujali tena alama hiyo: kutoa mimba kinyume cha sheria, iwe changa au kubwa, kulikuwa kosa. Waingereza walipotutawala, walileta sheria za aina hiyo huku kwetu.

Mwaka 1938, jijini London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba kuokoa uhai wa mama hakumaanishi kungoja mpaka awe anakata roho. Afya yake, ya mwili na ya akili, nayo inahesabiwa. Daktari akaachiwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliifuata njia hiyo.

Mwaka 2010 Kenya iliandika Katiba mpya. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga, sababu kubwa ikiwa ibara ya 26. Tarehe 4 Agosti wananchi wakapiga kura, na Katiba ikapita.

Ibara hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Pili, kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa akiona matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu.

Hivyo basi, msikilizaji, hata waliokubaliana uhai unaanza lini walibaki na swali la pili: mama akiwa hatarini, tufanye nini? Katiba haikumwacha afe.

Kumbuka pia kwamba ukivuka mpaka, sheria hubadilika. Inayokuhusu ni ya nchi uliyomo, si ya ulikotoka.

Na ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi au mwenye homa baada ya mimba kuharibika, kwa sababu yoyote ile, apelekwe kliniki upesi. Maswali yangoje, damu haingoji.

Kwaheri, tukutane kipindi kijacho.

(Muziki.)