Kikohozi cha watoto wa nguruwe: kabla ya kulipia chanjo, jua inazuia nini

Asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ikiwa kali Dongobesh au Katesh, mfugaji anaingia bandani kuwaamsha nguruwe wake. Watoto walioachishwa kunyonya wanaanza kukohoa, kikohozi kikavu, mmoja baada ya mwingine. Wanakula, na hakuna aliyekufa. Lakini miezi miwili baadaye, waliozaliwa siku moja hawalingani tena: mmoja yuko tayari kwa mnunuzi, mwenzake amedumaa. Pumba na mashudu vimeliwa, pesa haijarudi. Ndipo mfugaji anauliza: hakuna chanjo?

Chanjo ipo, lakini ni ya aina moja ya kikohozi. Haizuii kila kikohozi, na haizuii kabisa homa ya nguruwe.

Kikohozi kinaletwa na nini?

Cha kwanza ni nimonia sugu, inayoletwa na kimelea kidogo sana kiitwacho mikoplazma. Jike humwambukiza mtoto anaponyonya, kisha watoto huambukizana pua kwa pua na kwa matone ya kikohozi. Mara nyingi dalili huonekana baada ya umri wa wiki 6. Mikoplazma peke yake huua mara chache, ila huharibu kinga ya njia ya hewa, na vimelea vingine hupata nafasi ya kuingia mapafuni.

Cha pili ni minyoo. Nguruwe anayezurura na kufukua ardhi hula nyungunyungu waliobeba minyoo ya mapafu. Hata minyoo mikubwa ya tumboni hupitia kwenye mapafu ikiwa bado michanga, na nguruwe hukohoa. Hapa kinachotakiwa ni dawa ya minyoo, si chanjo.

Cha tatu ni banda lenyewe. Chuchumaa hadi usawa wa pua ya nguruwe. Kama harufu ya mkojo inakuchoma macho, ujue inachoma pia mapafu ya watoto, usiku na mchana.

Chanjo ya mikoplazma inafanyaje kazi?

Hutengenezwa kwa vimelea vilivyouawa na hudungwa kwenye msuli wa shingo, nyuma ya sikio. Kuna za sindano mbili, kwa mfano wiki ya 1 na wiki ya 3 baada ya kuzaliwa, na kuna za sindano moja. Fuata karatasi ya maelezo ya chanjo uliyonunua. Mashamba makubwa katika nchi nyingi huitumia kwa sababu inapunguza kikohozi na vidonda vya mapafu, na nguruwe hukua vizuri zaidi. Lakini haimalizi mikoplazma shambani. Nguruwe aliyechanjwa bado anaweza kuibeba na kuambukiza wenzake.

Chanjo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda au ikipigwa na jua njiani kwenye pikipiki, umelipia maji. Chupa moja huwa na dozi nyingi, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Mwenye jike mmoja na watoto wanane ni bora apange siku moja na majirani zake. Mchanjaji abadilishe sindano na asafishe viatu kabla ya kuingia banda jingine. Usimchanje mtoto mgonjwa. Andika tarehe na namba ya toleo iliyo kwenye chupa.

Vipi kuhusu sindano ya penisilini?

Wengi huikimbilia. Penisilini huua vimelea kwa kuharibu ukuta wao, na mikoplazma haina ukuta huo. Kwa hiyo haiwezi kuiua, hata ukirudia mara tano. Mwache mtaalamu wa mifugo achague dawa, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Anza na banda

Watoto wa siku ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 30 hadi 34, hivyo usiku wa Mbulu wanahitaji kona yenye majani makavu, isiyopigwa na upepo. Juu ya ukuta acha nafasi hewa ipite. Usichanganye watoto walionunuliwa vijiji tofauti. Wageni wakae peke yao kwa wiki 4. Kundi moja likitoka lote, safisha banda na uliache likauke kabla ya kuingiza jingine.

Kufungia nguruwe kuna faida nyingine kwetu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Mbulu na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za tegu kwenye ulimi wa takriban nguruwe 17 kati ya kila 100 waliopimwa. Tegu huyo anaweza kumletea binadamu kifafa. Nguruwe asiyezurura hali kinyesi cha binadamu, na hali nyungunyungu ovyo.

Wakati wa kupiga simu mara moja

Ukiona homa kali, nguruwe wamelala hawali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au vya zambarau, na wakubwa kwa wadogo wanakufa ndani ya siku chache, usifikirie nimonia. Inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba. Vietnam iliruhusu chanjo zake zitumike nchi nzima mwaka 2023, lakini hapa Tanzania mfugaji hana chanjo ya ugonjwa huo. Anayekuuzia sindano ya kuuzuia anakudanganya.

Usiuze, usichinje, usihamishe nguruwe, na usiruhusu wageni bandani. Mpigie afisa mifugo wa kata ili sampuli ipelekwe maabara. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, lakini nyama yake huubeba hadi banda la jirani.

Kama ni kikohozi tu, muulize afisa huyo mambo matatu: kikohozi hiki ni cha nini, chanjo hii imesajiliwa, na imetunzwa wapi tangu ilipotoka kiwandani?