Povu la kuoshea magari: Faida na hasara zake

KATIKA mji wa Lumakanda, kaunti ya Kakamega, mwenye gari hana budi kuliosha mara kwa mara. Mvua ndefu zinapoanza Machi, udongo mwekundu wa Lugari hugeuka tope zito linaloganda chini ya matatu, pikipiki na malori ya mahindi. Kiangazi nacho huleta vumbi.

Mji huo hauko mbali na barabara kuu ya Eldoret-Webuye, inayotumiwa na magari yaendayo Malaba na Uganda. Kwa hivyo, kuosha magari ni kazi ambayo kijana anaweza kuianza kwa ndoo, sabuni na kitambaa.

Lakini sasa ndoo imepata mshindani. Vinyunyizio vya povu vimeenea katika vituo vingi vya kuoshea magari nchini, na mteja aliyezoea kuona gari lake likifunikwa povu jeupe huenda asiridhike tena na sifongo. Je, kijana mwenye akiba ndogo ainunue mashine hiyo? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ni vyema kupima kwanza.

Aina tatu

Kinyunyizio cha kwanza ni cha mkono. Ni chupa ya lita mbili hivi ambayo mtumiaji huijaza upepo kwa kuipampu, sawa na bomba la mkulima la kupulizia dawa shambani. Bei yake ni nafuu, na hakihitaji umeme. Hata hivyo, povu lake ni jepesi na huchosha mkono gari likiwa kubwa.

Cha pili hufungwa kwenye mpini wa mashine ya kuoshea kwa presha. Chupa ya lita moja hutiwa sabuni, na maji yanayopita kwa kasi huivuta sabuni hiyo pamoja na hewa, kisha mchanganyiko hupenya kwenye wavu mdogo na kutoka ukiwa povu zito. Bila mashine ya presha, kifaa hiki hakina kazi.

Cha tatu ni mtungi wa chuma unaojazwa maji na sabuni, kisha hewa ya kompresa. Huo ndio unaofaa kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa ukijazwa mara moja huosha magari kadhaa. Ndio pia wenye gharama kubwa na hatari zaidi.

Faida

Faida kuu ya povu si urembo wake. Tope lina chembe za mchanga, na anayelisugua likiwa kavu huziburura chembe hizo juu ya rangi ya gari. Hapo ndipo hutokea mikwaruzo myembamba inayoonekana jua linapowaka. Povu hushikamana na bodi kwa dakika chache, hulainisha uchafu na kuuachanisha na rangi kabla ya kitambaa kugusa.

Aidha, povu hufika penye nafasi ndogo ambapo mkono haupenyi, kama vile kwenye magurudumu na viungo vya milango. Huokoa muda, na mwoshaji hainami sana.

Hasara

Povu peke yake halioshi gari. Tope lililokauka lazima kwanza lilegezwe kwa maji, na baada ya povu ni sharti gari lisuuzwe. Kwa hivyo, anayetarajia kupunguza maji kwa kiasi kikubwa huenda asipate alichotarajia.

Sabuni nayo hutumika zaidi. Wengine hujaribu kupunguza gharama kwa kutia sabuni ya unga ya kufulia. Hilo ni kosa, kwani sabuni kali huondoa nta inayokinga rangi, na chembe zisizoyeyuka huziba wavu wa kifaa.

Jua pia ni adui. Povu likikaukia kwenye bodi yenye joto huacha madoa ambayo huondolewa kwa kuosha upya.

Mtungi wa kompresa usio na geji wala vali ya usalama unaweza kupasuka na kuua. Umeme karibu na sakafu yenye maji ni hatari nyingine, na kebo zilizochubuka hazifai kabisa.

Katika eneo la wakulima kama Lugari, kuna onyo jingine: bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu au ya wadudu lisitumiwe kuoshea gari. Mabaki ya dawa humfikia mwoshaji kwa ngozi na pumzi.

Maji huenda wapi?

Mto Kipkaren humwaga maji yake katika Nzoia, nao Nzoia huishia Ziwa Victoria. Sabuni, mafuta na grisi vikiingia mtoni huko juu, huteremka hadi kwa wanaochota maji huko chini. Sabuni zenye fosfati hurutubisha mimea ya majini, na ziwa hilo tayari limeteswa na gugumaji kwa miongo kadhaa.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyounda mamlaka ya NEMA, inaharamisha uchafuzi wa maji. Mwenye kituo anapaswa kuchimba shimo la kunasa matope na mafuta kabla ya maji kutoka.

Kuosha magari ndani ya maji kuna madhara kwa mwoshaji mwenyewe pia. Mjini Kisumu, vijana walioosha magari wakiwa wamesimama ziwani waliugua kichocho mara kwa mara. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani waliwachunguza na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka wa 2002. Kwa upande huu kinyunyizio kina sifa: humwezesha mwoshaji kufanya kazi nchi kavu, mbali na mto.

Hesabu

Tuchukue mfano tu. Mtungi ukigharimu Sh40,000, na kila gari likileta faida ya ziada ya Sh40 baada ya kutoa gharama ya sabuni, itabidi kuosha magari 1,000 ili kurudisha pesa. Anayeosha magari manane kwa siku atahitaji siku 125. Anayeosha mawili atahitaji siku 500, na huenda mipira ya mtungi ikachakaa kabla ya hapo.

Kwa hivyo, anayeanza anashauriwa kununua cha mkono. Aliye na mashine ya presha aongeze chupa ya povu. Mtungi wa kompresa umfae mwenye wateja wa kila siku, maji ya uhakika na umeme usiokatika ovyo.

Na kwa asiye na uwezo wa chochote kati ya hivyo, ndoo mbili bado zinatosha: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Gari lililolowekwa vizuri kwa maji kabla ya kusuguliwa halitakwaruzika kwa urahisi, na mteja atarudi.