Saa za Kungoja Simu: Historia ya Marubani wa Akiba

Katika kila shirika kubwa la ndege la Marekani wapo marubani ambao ratiba yao ya mwezi huanza bila safari hata moja. Wamepangiwa siku za kungoja. Sare imepigwa pasi, begi limeegemezwa mlangoni, simu haikai mbali. Mwenzao akiugua, au ndege ikikwamishwa na theluji huko Chicago, wao ndio wanaopigiwa, na mara nyingi hutakiwa kufika uwanjani ndani ya saa mbili hivi. Hao ndio marubani wa akiba.

Nani awe wa akiba huamuliwa na ukongwe kazini. Aliyeajiriwa mapema huchagua safari kwanza, na kinachobaki humwangukia mgeni. Utaratibu huo una haki yake, kwa sababu unamzuia bosi kuwapa ndugu na marafiki safari nono. Dhuluma iliyowaumiza marubani wa akiba kwa miongo mingi ilikuwa kwingine: katika namna ya kuhesabu saa.

Hesabu hiyo ilianza na watu waliokuwa wakipigania uhai wao. Julai 1931, marubani walikutana hotelini mjini Chicago wakaunda chama chao, ALPA, wakiongozwa na David Behncke, aliyekuwa akirusha ndege za barua na abiria. Wenye mashirika walikuwa wakikata mishahara na kuwasukuma vijana waruke katika mawingu mabaya ili barua zisichelewe. Behncke aliufikisha mgogoro huo Washington, na Mei 1934 Bodi ya Taifa ya Kazi ikatoa Uamuzi Namba 83: rubani asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Mwaka 1938 uamuzi huo ukaingizwa katika sheria ya usafiri wa anga.

Ulikuwa ushindi mkubwa. Ila saa zilizopimwa zilikuwa za kuruka. Aliyekaa kitandani akisikilizia simu tangu alfajiri hadi usiku hakuwa ameruka, kwa hiyo mbele ya hesabu hiyo hakuwa amefanya lolote. Angeweza kuitwa saa nne usiku, baada ya siku nzima ya kukaa macho, akaongoze ndege hadi asubuhi.

Madhara ya hesabu ya namna hiyo yalionekana wazi tarehe 18 Agosti 1993. Marubani wawili na mhandisi wa ndege ya mizigo aina ya DC-8 walikuwa wamemaliza kazi ya usiku kucha na kutua Atlanta. Kabla hawajafika kulala, kampuni ikawarudisha kazini: ndege nyingine imeharibika, wapitie Norfolk kisha wapeleke mzigo kambi ya kijeshi ya Marekani ya Guantánamo, Kuba. Kwa kuwa safari ya kurudi ingekuwa tupu, haikuingia katika ukomo wa sheria, na zamu yote ikaonekana halali. Saa kumi na moja kasoro jioni, rubani mkuu alikuwa amekaa macho kwa saa 23 na nusu. Alikuwa akikata kona kali kuelekea uwanjani huku akitafuta taa inayoonyesha mpaka wa kambi. Siku hiyo taa ilikuwa mbovu. Wenzake walimtahadharisha kwamba mwendo unapungua; yeye akaendelea kuulizia taa. Ndege ikaanguka kabla ya kufika uwanjani. Wote watatu walinusurika wakiwa na majeraha mabaya, na wachunguzi wakataja uchovu kuwa miongoni mwa sababu za ajali, jambo lililokuwa geni katika ripoti za namna hiyo.

Mwaka 1999, FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa anga Marekani, ilitangaza kwamba itasimamia kwa ukali kanuni iliyokuwapo tayari. Rubani anapomaliza safari, ukirudi nyuma saa 24 lazima ukute saa zisizopungua 8 za mapumziko ya kweli, na mapumziko ya kweli ni yale ambayo mtu hawajibiki kupokea simu ya kazi. Novemba 2000, mwanasheria wa mamlaka hiyo, James Whitlow, aliandika barua akieleza kwamba hesabu hiyo ifuate hali halisi ya siku, isitegemee ratiba ya karatasini. Mashirika yalikwenda mahakamani kuipinga, yakashindwa mwaka 2002. Naiona barua hiyo kuwa na uzito kuliko sheria nyingi zilizopigiwa ngoma, maana ndiyo iliyomwezesha rubani wa kawaida kusema, "Sitaondoka, saa zangu zimekwisha," akiwa na sheria upande wake.

Bado haikutosha. Februari 12, 2009, ndege ya shirika la Colgan iliyotoka Newark ilianguka kwenye nyumba karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Kosa lilikuwa la rubani mkuu katika kuishika ndege iliyopoteza mwendo, lakini uchunguzi ulifunua pia maisha ya wafanyakazi hao: rubani msaidizi alisafiri usiku kutoka Seattle kwenda kazini, na mkuu wake alilala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Familia za marehemu zilikwenda Washington mara kwa mara hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 2010.

Kanuni zilizotokana nayo zilianza kutumika Januari 2014. Kwa wanaotakiwa kufika haraka, muda wa kungoja usizidi saa 14, na kabla yake wapate saa 10 za kupumzika. Anayengoja akiwa uwanjani anahesabiwa yuko kazini. Kwa safari ya marubani wawili, tangu kungoja kuanze hadi zamu iishe zisipite saa 16. Ndege za mizigo ziliachwa nje kwa hoja ya gharama, uamuzi usioweza kutetewa baada ya Guantánamo.

Sheria hiyohiyo ya 2010 ilileta sharti la saa 1,500 za kuruka, kwa kawaida, kabla ya kuajiriwa na shirika la abiria. Vijana wengi huzitafuta kwa kufundisha urubani katika ndege ndogo, na wengi hulipwa pale tu injini inapowaka. Kanuni inawakataza kufundisha angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Saa za darasani, na za kukaa kando ya uwanja wakisubiri mawingu yapande, hazimo katika ukomo huo.