Roli za mdalasini: usitazame saa, tazama donge



Mwezi wa Julai mdogo wangu, ambaye ameolewa bara na anakaa Lukenya, kaunti ya Machakos, alinipigia simu. Jirani yake alimwagiza roli 24 za mdalasini za akika, naye alitaka hiyo iwe mwanzo wa biashara yake. Nikamwelekeza kama ninavyofanya mimi Mombasa: "Ukishakanda, ache saa moja, kisha kunja."

Akafanya hivyo hivyo. Roli zikatoka ngumu, kilo nzima ya unga ikaenda bure na pesa za jirani zikarudishwa. "Dada, mimi labda sina mkono wa kupika," akaniambia.

Kosa lilikuwa langu. Lukenya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai huko ni baridi. Hamira ni kitu hai: kwenye joto huchangamka, kwenye baridi husinzia. Donge linaloumuka kwa saa moja kwetu, huko laweza kutaka saa mbili na zaidi. Mwezi uliofuata nilikwenda mwenyewe tukapika pamoja. Maelezo ni haya, na ajuaye mahamri tayari anajua nusu ya kazi.

Mahitaji (roli 12)
- Unga wa ngano mweupe, nusu kilo
- Maziwa vuguvugu, mililita 250
- Hamira ya chenga, vijiko 2 vya chai
- Sukari, vijiko 5 vya kulia
- Yai 1
- Siagi laini, gramu 60
- Chumvi, nusu kijiko cha chai

Ya kujaza ndani: siagi laini gramu 60, sukari ya kahawia gramu 100, mdalasini wa unga vijiko 2 vya kulia.

Namna ya kupika
1. Tia hamira na kijiko kimoja cha sukari kwenye maziwa. Yawe ya kutia kidole bila kuungua. Maziwa ya moto huua hamira. Ngoja dakika 10 mpaka povu lipande. Lisipopanda, hamira imekufa, usiendelee.
2. Changanya vyote vilivyobaki vya donge, kanda dakika 10 mpaka liwe laini. Likinata kidogo usiongeze unga. Unga mwingi ndio hukausha roli.
3. Funika, liumuke mpaka liwe mara mbili. Mahali pa baridi, liweke ndani ya oveni isiyowashwa pamoja na sufuria ya maji moto.
4. Sukuma liwe kama mkeka wa mstatili, paka siagi, nyunyiza sukari na mdalasini. Mdalasini ukae hapa, si ndani ya donge, maana ukizidi humpunguzia hamira nguvu.
5. Kunja kama mkeka, kata vipande 12 kwa uzi ili visibonyee, panga kwenye trei iliyopakwa siagi.
6. Ziache ziumuke tena. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole, tayari.
7. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25, mpaka ziwe rangi ya dhahabu.

Huna oveni? Tumia sufuria nzito yenye kifuniko, makaa machache chini na mengi juu, kama tunavyopika mkate wa sinia. Chungulia mapema, chini huungua haraka.

Siku ile Lukenya donge la kwanza lilichukua saa mbili na robo. Mdogo wangu alikuwa akitazama saa ukutani kila mara, mpaka nikaigeuza. Roli zilitoka laini. Sahani ya kwanza tulimpelekea yule jirani bila malipo, na wiki iliyofuata akaagiza tena.

Basi ukimwelekeza mtu wa mbali, usimpe dakika peke yake. Mweleze donge linavyokuwa likiwa tayari. Mimi somo hilo limenigharimu unga wa mwenzangu.