Miaka 20 ya Bodi ya Mikopo na Yatima wa Askari katika Handeni na Korogwe

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ilitimiza miaka 20 mwaka 2025. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kwa fedha zilizotolewa na wahitimu waliopatikana. Makala haya yanaitazama kwa upande wa watoto walioachwa na askari waliofia kazini na wa askari waliorudi uraiani na ulemavu, hasa katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, ambako kikosi cha Mgambo cha Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, ni sehemu ya maisha ya Handeni.

Wilaya hizo zilionja vita muda mrefu kabla ya Tanzania kuwapo. Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka yakifuata reli ya Usambara na mto Pangani, yakaitwaa Korogwe na siku chache baadaye Handeni, huku mizigo yao ikichukuliwa na wapagazi, Waafrika walioandikishwa, wengi wao kwa kulazimishwa, ambao katika vita hivyo walikufa kwa maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hata majina yao hayakuhifadhiwa. Mahali ambapo jina la marehemu halikuandikwa, haki ya mtoto wake haikuwa na pa kuanzia.

Uhuru ulilijenga jeshi na chuo kikuu karibu kwa wakati mmoja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, JKT ilianzishwa Julai 1963, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba 1964 baada ya lile la zamani kuvunjwa kwa sababu ya maasi ya Januari mwaka huo. Elimu ya juu ilihesabiwa kuwa gharama ya umma ambayo msomi angeilipa kwa utumishi, na fikra hiyo haikuwa ya maneno matupu, kwani Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana anayemaliza sekondari ya juu alitumikie taifa kwanza ndipo aombe nafasi chuoni, akipendekezwa na mwajiri wake na chama.

Hapa ndipo ilipo sababu ya Vita vya Kagera kutozaa mfuko mkubwa wa masomo kwa yatima wake. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipoivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, jeshi liliongezwa kwa mgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya kijeshi vijijini na sehemu za kazi, hadi likapita watu 100,000. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, waliokufa wakazikwa Kaboya, mgambo wengi wakarudi mashambani. Mtoto wa marehemu hakuhitaji mfuko wa peke yake, kwa kuwa kila aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu alilipiwa na Serikali. Kikwazo kilikuwa nafasi, kwa sababu sekondari zilikuwa chache mno. Ada haikuwa kikwazo.

Marekani ilishika njia nyingine. Sheria ya Juni 1944 iliwapa askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia haki ya kusomeshwa, na sheria ya mwaka 1956 ikawafikia yatima wa vita, hivyo kwamba utumishi wenyewe ndio uliozaa haki, bila mwombaji kutakiwa athibitishe umaskini. Tanzania haikulaumika kwa kutofuata njia hiyo maadamu wote walisoma bure, lakini katika miaka ya 1990, sera ya uchangiaji wa gharama, yaani mzazi na mwanafunzi kubeba sehemu ya gharama zilizokuwa za Serikali, ilipoanza kutekelezwa, kinga ile ya jumla iliondoka na mahali pake hapakuwekwa kinga mahususi kwa aliyefiwa na mzazi vitani.

Bodi iliziba sehemu ya pengo hilo, na hili ni la kuishukuru. Miongozo yake huwapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini, ikipima uhitaji, kwa maana ya tofauti kati ya gharama za masomo na uwezo wa familia. Yatima wa Mkata wilayani Handeni au wa Magoma wilayani Korogwe hutakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na mwenye ulemavu huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Akifaulu hupata ada, fedha za vitabu, na ile posho ya chakula na malazi ambayo wanafunzi wenyewe huiita boom. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia ngazi ya stashahada katika fani teule, zikiwamo afya na ualimu, na jambo hilo lina uzito wake katika wilaya hizi mbili, kwa kuwa Korogwe ina chuo cha ualimu cha Serikali.

Hata hivyo, fomu huuliza kama mzazi amefariki; haiulizi alifia wapi. Askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur Julai 2013, na wengine 14 Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017, wote wakiwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kwa vigezo vya Bodi mtoto wa askari wa namna hiyo ni yatima kama yatima wengine, na anachopewa ni mkopo, ambao tangu marekebisho ya mwaka 2016 hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mkopaji aliyeajiriwa. Askari mwenye ulemavu ana kizuizi kingine, kwani miongozo ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35, na mtu aliyeutumia ujana wake jeshini, kisha miaka mingine hospitalini, huufikia ukomo huo kabla hajapata hata nafasi ya kuomba.

Usawa wa mahitaji ni msingi mwema ambao Bodi haipaswi kuuacha, lakini haumzuii mtunga sheria kutambua deni la aina ya pekee. Mfuko wa pensheni wa PPF, kabla ya kuunganishwa katika PSSSF mwaka 2018, ulikuwa na fao la elimu lililowalipia ada za shule watoto wa wanachama waliofariki, kwa hiyo wazo la kifo cha mtumishi kuzaa haki ya elimu kwa mwanawe si geni nchini. Bunge lingefanya haki kama lingeiongezea Sheria ya Bodi kifungu kinachougeuza mkopo wa mtoto wa askari aliyefia kazini kuwa ruzuku isiyorejeshwa, na kinachomwondolea askari mwenye ulemavu ukomo wa umri. Na watendaji wa vijiji na kata za Handeni na Korogwe, wasingoje sheria hiyo, wawasaidie wajane kuvipata na kuvihakiki vyeti vya vifo mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.